Breki za Gari la Mwalimu Aniseti

Mwezi uliopita vijana watatu wa hapa Gitega walikuja kwangu na picha kwenye simu. Gari la michezo la zamani, viti viwili, boneti ndefu. Lilikaa miaka chini ya turubai, sasa wamelifufua na wanataka kulikimbiza kwenye mzunguko. Walinieleza shida yao wakiwa bado wamesimama mlangoni.

"Mzee Sadiki, mizunguko mitano tu breki zinapata moto, pedali inakuwa laini kama andazi. Tufanyeje zipoe?"

Niliwakaribisha, nikawapa chai, nikaongea habari za mvua. Swali lao sikulijibu. Nadhani waliondoka wakisema mzee amechoka kichwa. Hapana. Jibu ninalo, tena lote. Ila nimeona niwaandikie, wao na wengine mnaoshika spana leo, kwa sababu nikianza kulisema kwa mdomo najua mahali nitakaponyamaza.

Nimefanya kazi ya gereji miaka thelathini na minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza nikiwa nimelala chali karibu na gurudumu. Baba yangu alikuwa mshonaji hapa hapa kwenye mtaa wetu wa Waswahili, na alitaka nikae kwenye cherehani kama yeye. Mimi nikapenda breki. Injini niliwaachia mafundi wenye majivuno. Gari likifa injini linasimama njiani na kumtia mwenyewe aibu. Likifa breki halisimami.

Aliyenifundisha ni Fundi Bulambo, Mkongomani wa Uvira, mtu mrefu, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi na tano. Alivuka na mke na watoto wanne katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kwao kulipochafuka. Kanisani alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Kazini pia aliimba, lakini kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayebembeleza bolti. Ukikosea alikuwa hagombi. Aliacha kuimba tu, na gereji nzima ilijua kuna mtu ameharibu kitu.

Somo lake la kwanza nililipata nikiwa nimefungwa macho kwa kitambaa cha kufutia grisi. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Fundi."

"Hapana kwa masikio. Kwa muguu."

Tulirudia kwa magari manne. Nilinuka grisi usoni siku tatu, mke wangu akahamia upande wa pili wa kitanda, lakini jambo hilo sijalisahau na nanyi msilisahau. Breki zikishindwa kwa sababu ya moto, kuna magonjwa mawili, na mguu ndio unaoyatofautisha. La kwanza, pedali inabaki ngumu lakini gari halitaki kusimama. Hapo pedi za breki, sisi tulizoea kuziita plaketi, zimechomeka na zinateleza kwenye diski. La pili, pedali inakuwa laini, inazama, na ukipiga mara mbili tatu inarudi kidogo. Hapo ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga hewa. Ugonjwa wa kwanza unakutisha. Wa pili unakuua.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu Aniseti.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Itaba, akasoma mpaka akapelekwa Ulaya, akarudi kufundisha fizikia kwenye shule moja pale Mushasha. Mtu mwembamba, miwani, koti lenye chaki mifukoni. Mke wake aliitwa Spesi, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Goreti, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alipofunga mizigo na kuondoka, Mwalimu alinunua gari lake dogo la michezo, rangi ya kijani iliyokwajuka. Mjini aliliendesha polepole kiasi kwamba baiskeli zilizobeba ndizi zilimpita, na wanafunzi wake wakamcheka. Kukimbia alikimbia mahali pamoja tu.

Wakati ule walikuwa wamepima mtaa mpya nje kidogo ya mji na kuweka lami kabla ya nyumba. Barabara zilizunguka kilima kitupu. Jumapili chache kwa mwaka wenye magari walikubaliana na wakubwa, wakaifunga njia ile kwa mapipa na kushindana: madaktari wa kigeni, wafanyabiashara, mhandisi mmoja, na Mwalimu wetu. Upande wa juu ulikuwa mwepesi. Upande wa chini kulikuwa na mteremko mrefu, na mwisho wake kona kali ya kushoto juu ya bonde. Kila mzunguko dereva alishuka mbio, akabana breki kwa nguvu zote, akakata kona. Mzunguko wa nne au wa tano, gari la Mwalimu lilianza kunuka. Wa sita, pedali inazama.

Alikuja gereji akiwa na daftari. Alikuwa amechora diski na mishale ya hewa.

"Écoute, sikiliza, Fundi," alisema, "moto wa breki unatoka kwenye mwendo wa gari. Mwendo hauwezi kupotea, unageuka kuwa moto. Sasa moto huo tuupeleke wapi?"

Fundi Bulambo aliangalia ule mchoro muda mrefu. "Tuupeleke kwa upepo," alisema. "Bon, upepo iko mingi mbele ya gari. Kazi ni kuuleta mpaka hapa."

Ndivyo tulivyoanza. Tuliifanya kazi ile jioni za siku nyingi, watatu sisi, na sijawahi kufurahia kazi kiasi kile, kabla wala baada.

Kosa la kwanza lilikuwa la mahali pa kuchukua hewa. Mimi nilisema tutoboe nyuma ya kibao cha namba, kwa sababu huko tundu halionekani na gari linabaki zuri. Fundi hakubisha. Alinituma kwa baba nikaombe nyuzi za rangi, akazikata vipande vya urefu wa kidole, tukavibandika uso mzima wa gari kwa utepe. Mwalimu akaendesha kwa kasi, sisi tukasimama pembeni tunaangalia. Watu waliopita walidhani ni gari la bibi harusi. Lakini nyuzi za nyuma ya kibao zilining'inia kama zimekufa, na zile za chini ya taa zililala nyuma zote, zimenyooka. Hapo ndipo tulipotoboa. Vijana, msitoboe gari kabla ya kuuliza upepo unapita wapi.

Kosa la pili ni la mpira. Tulichukua ule mpira mnene wenye waya ndani, wa kunyonyea maji kwenye pampu, tukaupitisha kutoka tundu la mbele mpaka kwenye gurudumu. Ulikaa vizuri sana gari likiwa limesimama, magurudumu yamenyooka. Kona ya kwanza tairi likauma mpira, likautafuna, Mwalimu akarudi na kipande kinaburuta kama utumbo wa mbuzi. Tukajifunza: kabla ya kufunga chochote, geuza usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, na gari libonyezwe chini kama vile limebeba mtu. Na ile sehemu ya mwisho iliyo karibu na diski isiwe mpira, iwe bati, kwa sababu mpira utaungua.

Kosa la tatu lilikuwa letu sote, hata Fundi. Tulielekeza ule mdomo wa bati kwenye uso wa nje wa diski, kwa sababu ndipo mkono ulipofika kwa urahisi. Mizunguko minane ilipita safi. Tukashangilia. Tulipofungua gurudumu, diski ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Upande mmoja ulipoa, wa pili ulibaki na moto, chuma kikavutana chenyewe. Fundi aliacha kuimba siku nzima, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Tukapata diski nyingine, tukaukunja ule mdomo upya ili hewa ipigie katikati, karibu na kitovu cha gurudumu, igawanyike yenyewe pande mbili. Tukaondoa na lile bati la vumbi lililofunika diski kwa ndani, na vifuniko vya magurudumu tukavitupa kando. Hewa ikiingia lazima iwe na pa kutokea.

Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Fundi alichukua kipande cha risasi ya kulehemia, ile ya mafundi wa redio, akakifunga kwa waya kwenye kile chuma kinachobana diski, kila upande. "Hii ikiyeyuka," alisema, "hapo joto imepita mpaka." Siku ya majaribio Mwalimu alienda mizunguko kumi na miwili bila kupumzika. Alipomaliza alizunguka mara moja polepole bila kugusa breki, kama alivyofundishwa, na alipoegesha hakuvuta breki ya mkono, maana plaketi zikibana diski yenye moto zinaitia kovu. Tuliinama wote watatu kwa pamoja. Risasi ilikuwa nzima. Mwalimu alimshika Fundi Bulambo mabegani, mikono yake imejaa chaki, na kwenye lile koti la kazi zikabaki alama nyeupe.

Kilichobaki ni mafuta. "Mbio iko siku ya Mungu," Fundi aliniambia. "Siku ya posho mi iko na ndoa, kwaya inaimba. We toa mafuta yote ya zamani, weka mapya. Bati ya mafuta ambayo haijafunguliwa, umesikia? Ile ya kwenye rafu hapana."

Niliitika. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na watoto wawili.

Jumamosi mchana, hiyo siku ya posho yake, nilikuwa peke yangu. Gereji ilikuwa imefungwa, nina funguo. Nilianza kusukuma mafuta ya zamani yatoke huku nikijaza mapya kwenye kikopo cha juu, kile kilicho chini ya boneti. Kazi hiyo inataka macho mawili: moja kwenye bomba la kutolea, la pili kwenye kikopo kisikauke. Alipita rafiki yangu dirishani, tukaongea habari za mpira wa miguu. Nilipogeuka kikopo kilikuwa kikavu. Breki zilikuwa zimemeza upepo.

Kosa hilo ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikaanza upya kutoa upepo, gurudumu moja baada ya jingine, na bati jipya likaisha kabla sijafika la mwisho. Bati jingine lililofungwa halikuwepo Gitega nzima, ingebidi kushuka Bujumbura. Kwenye rafu kulikuwa na lile la zamani, nusu, lililofunguliwa tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani, na yakishakunywa yanachemka mapema, wengi wenu nimeshawaambia. Nilijua. Ningeweza kupanda mpaka Mushasha na kumwambia Mwalimu, "Kesho usikimbie, nimekosea." Ni mwendo wa kwa miguu tu. Lakini niliona ningekuwa nasema: nimeacha kikopo kikauke kwa sababu ya stori za mpira. Niliona sura ya Fundi akinyamaza katikati ya wimbo. Nikachukua bati la rafuni nikajazia. Nilikanyaga pedali. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Hicho ndicho ninachotaka mkishike kuliko mabomba yote. Mafuta yaliyokunywa maji hayajitangazi yakiwa baridi. Asubuhi Fundi alikuja na suti yake ya jana, akakanyaga, akasikiliza kwa mguu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi, Sadiki." Mguu bora kuliko yote niliyowahi kuifahamu haukugundua kitu.

Mzunguko wa tisa nilikuwa nimesimama karibu na kona ya chini. Niliona gari la kijani linashuka. Nilisikia injini ikilia kwa ghafla, maana yake alikuwa amerudisha gia ili injini izuie gari, na hapo nikajua, kabla ya mtu mwingine yeyote pale. Niliona kichwa chake kikienda mbele na kurudi, mbele na kurudi. Alikuwa anapiga pedali. Gari halikukata kona. Liliyapita mapipa, likashuka kwenye mikalitusi.

Usukani ulikuwa umemwingia kifuani. Alikuwa anaongea tulipomtoa, aliomba miwani yake. Alifariki Jumanne.

Siku zilizofuata mji ulikuwa na maelezo mawili. La kwanza, kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa sifa, alipenda mbio kuliko nyumba yake. La pili, kwamba vibomba vya yule Mkongomani ndivyo vilivyoharibu breki. Watu walioviona vile vibati chini ya gari lililopondeka walisema mambo kama hayo hayapo kwenye gari la Mzungu, ni uchawi wa fundi au ujinga wa fundi. Fundi Bulambo aliitwa na polisi, akaulizwa siku mbili. Mimi niliulizwa kwa muda wa saa moja tu.

"Wewe uliona nini?" waliniuliza.

"Sikuona kitu," nilisema.

Mwenye gereji alikuwa mtu asiyependa maneno. Alimwita Fundi akamwambia aondoke. Fundi alikusanya spana zake kwenye gunia bila haraka. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori moja ambalo halikuwa na ubovu wowote. Niliona viatu vyake vikija, vikasimama karibu na kichwa changu. Nilingoja aseme neno. Vilisimama hapo kwa muda, kisha vikaondoka. Wiki ile ile alihama na familia yake, nikasikia amekwenda upande wa Muyinga. Mwezi uliofuata nikapewa meza yake ya kazi.

Nilifanya kazi kwenye meza hiyo miaka kumi na mmoja. Nilikuwa fundi mzuri, waulizeni walionijua. Mabati ya mafuta yaliyofunguliwa niliyamwaga yote, jioni ya siku ile ile yalipofunguliwa. Mafundi walinicheka, wakaniita Mzee Mwaga.

Kisha lori moja la wateja wetu likafa breki kule Buhinyuza, karibu na mpaka wa Tanzania, likiwa na mzigo wa mahindi. Nilitumwa mimi. Nilikuta chuma kimoja cha breki kimepasuka na sina kingine. Dereva akaniambia, "Muyinga mjini kuna mzee Mkongomani, chuma cha namna hii anakilehemu kinakuwa kama kipya. Twende."

Sikumwuliza jina lake. Nilijua tulipofika kwa sababu nilisikia ule wimbo wa chini chini kabla sijamwona mtu.

Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Alifanyia kazi kando ya barabara, paa la mabati mawili, bila ukuta. Aliniangalia, akafuta mikono.

"Karibu, Sadiki," alisema. Akapokea kile chuma, akakigeuza. "Hii inawezekana."

Alilehemu. Mimi nilishika koleo kama zamani. Alipozima moto nikasema, "Fundi, yale mafuta ya gari la Mwalimu. Nilijazia ya rafuni."

"Mi najua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ile siku ya ajali nilishuka kwenye miti, niliangalia magurudumu. Risasi ilikuwa iko nzima, pande zote mbili. Alors, joto haikupita mpaka. Vibomba vilifanya kazi. Kama vibomba vilifanya kazi na pedali ilizama, iko kitu moja tu imebaki. Jioni nilienda kuangalia rafu. Bati ilikuwa imepungua, na kwa mdomo iko bado na unyevu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angeniamini? Mkongomani anamsingizia mtoto wa hapa." Alikaa juu ya tairi. "Lakini sio hiyo tu. Nilingoja useme mwenyewe. Siku ya kwanza nilingoja. Siku ile nasimama kwa kichwa yako, we iko chini ya lori, nilingoja tena. Nilisema, huyu nilimfundisha mimi, atatoka."

Malori yalipita, vumbi likatua juu yetu.

"Mtoto wangu wa tatu alikufa hapa Muyinga mwaka wa kwanza," aliendelea, kwa sauti ile ile. "Malaria. Tulikuwa tunalala kwa nyumba ya majani, mvua inaingia. Sisemi ni we ulimuua. Nakuambia tu ujue ilikuwa namna gani."

Nilipiga magoti pale kwenye mafuta machafu. Hakuninyanyua, hakunifukuza. Alisema, "Mi we usiniombe. Mke wa Mwalimu iko Itaba, amerudi kwa watu wa bwana yake. Nenda umwambie yeye. Ukirudi na jibu lake, ndipo tutaongea."

Nilikwenda Itaba juma lililofuata. Nilimkuta Mama Spesi shambani, anapalilia maharage. Alinitambua, akaniketisha kwenye kigoda mbele ya nyumba, akaniletea maji. Goreti alikuwa ndani, msichana mrefu sasa, mwembamba kama baba yake. Tuliongea Kirundi, nami ninawaandikia kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Nilimweleza yote. Rafiki dirishani, kikopo, bati la rafuni, jinsi nilivyokanyaga nikaona ni ngumu. Nilimweleza kwamba Mwalimu alirudisha gia, kwamba alipiga pedali mara nyingi, kwamba alifanya kila kitu ambacho dereva mzuri angefanya. Alisikiliza bila kunikatiza, jembe limelala magotini.

Nilipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo hakuwa anashindana kama mwendawazimu? Gari lake lilimkataa?"

"Breki zilimkataa, mama. Kwa ajili yangu."

Aligeuza uso. Kisha akaita, "Goreti! Njoo hapa." Binti akaja akasimama kando ya mlango. Mama yake akaniambia, "Mwambie na huyu. Anza mwanzo."

Nilifikiri mara ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu. Kumbe nilikuwa sijaanza. Mama yake nilimwambia nikiangalia ardhi, lakini binti yule alikuja akachuchumaa mbele yangu ili anione macho, na kila nilipopunguza neno aliniuliza, "Halafu?" Nilisema mpaka mwisho.

Hakusema na mimi, alisema na mama yake.

"Miaka yote hii nimemkasirikia baba."

"Na mimi," mama yake alisema.

"Picha yake tuliitoa ukutani."

"Najua, mwanangu. Niliitoa mimi."

Mama Spesi aliinuka, akaingia ndani, na binti akamfuata. Nilisubiri kwenye kigoda. Nilisikia wanavuta kitu kizito sakafuni, sanduku labda, nikasikia mmoja wao analia, sikujua ni yupi. Jua liligeuka. Hakuna aliyetoka. Mnajua desturi zetu: mgeni, hata awe nani, anasindikizwa mpaka njia panda. Nilisubiri mpaka nikaelewa kwamba jibu la kumpelekea Fundi nilikuwa nimeshapewa: hakuna wa kunisindikiza. Nikaweka kikombe cha maji juu ya kigoda, nikashuka kilima peke yangu.